Mifupa Hii, Mtu Huyu: Upatanisho wa Kisarufi na Utambuzi wa Marehemu katika Lugha ya Sayansi Jinai

1.0 Utangulizi

Swali ambalo mahakama humwuliza mtaalamu wa mifupa ni fupi: huyu ni nani? Ufupi wake unaficha jambo. Kiwakilishi "huyu" ni cha ngeli ya kwanza, na kwa hiyo, kabla mtaalamu hajafungua kinywa, sarufi imekwisha kukubali kwamba kilichowekwa mezani ni mtu, kwamba mtu huyo ni mmoja, na kwamba anaweza kupewa jina. Mambo hayo matatu ndiyo hasa anayotakiwa kuyathibitisha. Mtaalamu mwangalifu angependa kuulizwa kwanza "hii ni nini?", kisha "ni ya nani?", na hatimaye, endapo ushahidi unaruhusu, "huyu ni nani?" Lakini hakuna hakimu anayeuliza hivyo, wala hakuna ndugu wa mtu aliyepotea anayeweza kustahimili kuulizwa hivyo.

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyobeba hatua za kumtambua mtu kutokana na mifupa yake. Dai lake kuu ni kwamba, katika ripoti iliyoandikwa kwa Kiswahili, utambuzi ni uhamaji wa upatanisho: kutoka viambishi i- na ya- vya mifupa na mabaki kwenda kiambishi a- cha mtu. Uhamaji huo ukifanyika mapema mno, ripoti husema zaidi ya yale ambayo mifupa yenyewe inayasema, na mara nyingi msomaji hatambui kwamba lolote limeongezwa. Suala hili si la wanasarufi peke yao. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, ingawa iliacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji hivyo. Maadamu ni hivyo, ripoti ya mtaalamu haina tena budi kupita mikononi mwa mkalimani kabla ya kuwa ushahidi. Yaweza kuwa ushahidi kwa Kiswahili chake yenyewe, pamoja na makosa ya Kiswahili hicho.

Sentensi zilizopewa nambari katika makala hii zimetungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Matukio yenye majina na miaka ni ya historia inayojulikana.

2.0 Ngeli, idadi na mtu

Tuseme mifupa imekutwa porini. Ripoti ya kwanza yaweza kuandikwa kwa namna hizi tatu:

(1) Mifupa ya binadamu ilikutwa chini ya mti, imesambaa.
(2) Mabaki ya binadamu yalikutwa chini ya mti, yamesambaa.
(3) Marehemu alikutwa chini ya mti. Mifupa yake imesambaa.

Kwa msomaji wa kawaida sentensi hizi zinaeleza jambo moja. Kwa mchunguzi hazilingani hata kidogo. Sentensi ya (1) na ya (2) hazisemi ni watu wangapi. "Mifupa" ni wingi wa mfupa, si wingi wa mtu. Na "mabaki", ambalo kwa kawaida halitumiki katika umoja kwa maana hii, halina idadi kabisa. Ya (3) imekwisha kuamua kwamba ni mtu mmoja. Hapo pana hatari ya kweli, kwa sababu kazi ya awali ya mchunguzi wa mifupa iliyotawanywa na fisi au maji ya mvua ni kuhesabu idadi ndogo kabisa ya watu ambao mifupa hiyo yaweza kuwa imetoka kwao. Kanuni yake ni nyepesi: ikipatikana mifupa miwili ya paja la kushoto, watu hawapungui wawili, hata kama vipande vyote vingine vingetosha katika gunia moja. Mwandishi aliyekwisha kuandika "marehemu alikutwa" huliona paja la pili la kushoto kama tatizo la hesabu. Aliyeandika "mifupa ilikutwa" huliona kama mtu wa pili.

Neno "maiti" lina tabia ya pekee. Kimofolojia ni la ngeli ya N-, na umbo lake la umoja na la wingi ni moja. Husikika "maiti hii imezikwa" na vilevile "maiti huyu amezikwa". Wazungumzaji huchagua upatanisho kwa kufuata heshima na ukaribu: maiti ya ndugu aghalabu huwa "huyu", maiti isiyojulikana huwa "hii". Yaani, hata katika mazungumzo ya kawaida, Mswahili hutofautisha kwa viambishi kati ya mwili na mtu. "Marehemu" halina uhuru huo. Daima hutawaliwa na a-, na daima humrejelea mtu fulani ambaye aliwahi kuwa hai na kuitwa jina. Kuita mifupa isiyojulikana "marehemu" ni kutumia, mahali pa swali, neno ambalo tayari ni jibu.

Yaweza kupingwa kwamba hii ni adabu tu: binadamu hastahili kuitwa "hii". Pingamizi hilo lina uzito, hasa mbele ya wafiwa. Lakini adabu inaweza kutunzwa na neno "binadamu" lenyewe ("mabaki ya binadamu", "mifupa ya binadamu") bila kumwazima mtu utambulisho ambao bado hajapewa. Na ikumbukwe kwamba kosa la kumkabidhi mzazi mifupa ya mtoto wa mwenzake ni ukosefu wa adabu uliopita wa kiambishi.

3.0 Ripoti inaposafiri kutoka Kapalamsenga

Ili mjadala usibaki angani, yafaa kuufuatilia mahali palipo mbali na maabara. Kapalamsenga imo katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mpanda, upande wa Karema na Ziwa Tanganyika. Mkoa wenyewe uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Kapalamsenga inajulikana kwa madini ya shaba, na palipo na madini pana wageni: vijana wanaofika bila ndugu, wanaojulikana kwa majina ya utani, na ambao wakiondoka hakuna anayejua kama wamehama au wamekufa. Kuizunguka pana misitu ya miombo, na ng'ambo ya vilima pana ziwa. Lugha zinazosikika katika sehemu hizo ni pamoja na Kibende, Kitongwe, Kifipa, Kipimbwe, Kisukuma cha wafugaji waliohamia, na Kirundi cha makazi ya Mishamo na Katumba, yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi walioikimbia Burundi kuanzia mwaka 1972. Wote hao, wakifika mbele ya polisi, hueleza kwa Kiswahili.

Chukulia basi kwamba mvua zimekwisha, na mtu aliyekwenda kukata miti amekuta mifupa. Taarifa itatoka kwake kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kutoka hapo polisi, kutoka polisi kwa daktari wa hospitali, na pengine jino au kipande cha mfupa kitasafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Dar es Salaam. Katika kila kituo maelezo huandikwa upya, na kila uandishi upya ni nafasi ya kiambishi kubadilika. Mkata miti husema "nimeona mifupa". Mwenyekiti huandika "mtu amekutwa amekufa". Si uongo, ni mukhtasari. Lakini daktari anayepokea mukhtasari huo hupokea mtu, si mifupa, na huanza kujaza fomu yenye nafasi moja ya umri na nafasi moja ya urefu.

Upande wa pili wa safari hiyo uko nyumbani kwa familia inayomtafuta mtu wake. Hapa Kiswahili huweka mtego ambao wataalamu waliosomea lugha nyingine hawautarajii. Mama akisema "mwanangu aliwahi kuvunjika mkono", amesema kweli kamili kwa Kiswahili, lakini hajasema ni mfupa gani. "Mkono" huanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. "Mguu" nao huanzia nyongani hadi kwenye unyayo. Mfupa uliovunjika ukaunga huacha uvimbe unaoonekana miaka mingi baadaye, na ni miongoni mwa alama bora za kumtambua mtu. Lakini thamani yake hutegemea kujua kama uliovunjika ulikuwa mfupa wa juu ya kiwiko, mmojawapo wa ile miwili ya chini yake, au mifupa midogo ya kiganja. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa sehemu nyingine: mtulinga, kidari, muundi, nyonga, kifandugu, pingili, taya. Tatizo haliko katika upungufu wa msamiati kwa jumla, bali katika maneno mawili yanayotumika zaidi kuliko mengine yote. Dawa yake si istilahi mpya. Mama hataijua istilahi iliyotungwa jana. Dawa ni mhojaji kumwomba aonyeshe kwa kidole mwilini mwake mwenyewe, kisha kuandika alipoonyesha.

Maneno ya umri yana mtego wa aina nyingine. Mifupa hutaja umri kwa masafa, si kwa mwaka. Kwa mtoto masafa hayo ni mafupi, kwa kuwa meno huota kwa utaratibu unaojulikana. Kwa kijana hutegemewa ncha za mifupa zinazoungana na shina lake, ya mwisho ikiwa ncha ya mtulinga iliyo upande wa kidari, ambayo huenda isikamilike hadi mtu akaribie miaka thelathini. Baada ya hapo mifupa husema kwa sauti ya chini zaidi na masafa hupanuka. Sasa daktari akiandika "mifupa ya kijana", amesema nini? Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Mtulinga ulioungana na mtulinga ambao haujaungana wote wamo humo. "Mzee" ni tatizo kubwa zaidi, maana ni neno la heshima kabla ya kuwa neno la umri; mwenye mgodi wa miaka arobaini ni mzee kwa vibarua wake. Ripoti inayotaka kueleweka haina budi kutaja miaka kwa tarakimu, ya chini na ya juu, na kuyaacha maneno hayo kwa wale wanaoyatumia vizuri zaidi, yaani watu wanaosalimiana.

Kuhusu "jinsi" na "jinsia", wanaisimu wa Tanzania wamekwisha kuzoea kutenganisha la kwanza, ambalo ni la kimaumbile, na la pili, ambalo ni la kijamii. Fupanyonga la mtu mzima hueleza jinsi kwa uhakika mkubwa kuliko mfupa mwingine wowote: pembe iliyo chini ya kinena ni pana kwa wanawake na nyembamba kwa wanaume. Fuvu peke yake hutegemewa kidogo zaidi ya hapo chini. Mifupa ya mtoto ambaye hajabalehe haitegemewi kwa jambo hili, na ripoti inayoandika "mtoto wa kike" kwa sababu tu pana shanga karibu haisomi mifupa, bali inasoma shanga.

4.0 Vipimo vina wenyewe

Urefu wa mtu hukadiriwa kwa kupima mfupa mrefu na kuutia katika kanuni ya hesabu. Kanuni zilizonukuliwa zaidi ulimwenguni ni za Trotter na Gleser, zilizochapishwa mwaka 1952 kutokana na Wamarekani: askari waliokufa katika Vita Kuu ya Pili na mifupa iliyohifadhiwa kwa mafunzo ya anatomia. Watafiti hao walitoa kanuni mbalimbali kwa makundi mbalimbali. Kwa mfupa wa paja wa sentimita 45, kanuni waliyoitoa kwa wanaume weupe wa Marekani (2.38 mara urefu wa mfupa, jumlisha 61.41) inaleta sentimita 168.5, ile ya wanaume weusi wa Marekani (2.11 mara urefu wa mfupa, jumlisha 70.35) inaleta 165.3. Mfupa ni uleule. Mtu amepungua zaidi ya sentimita tatu. Tena kila jibu lina kosa lake la kukadiria, linalozidi sentimita tatu kila upande.

Haitoshi kudhani kwamba Mmarekani mweusi wa mwaka 1952 anaweza kusimama mahali pa mchimbaji wa Kapalamsenga. Uwiano wa mguu na kiwiliwili hutofautiana kati ya jamii na jamii, na hubadilika pia kwa lishe kutoka kizazi hadi kizazi. Suala hili lilionekana mapema katika Afrika Mashariki: mwaka 1961 Allbrook, aliyefundisha anatomia Makerere, alichapisha kanuni za kukadiria urefu wa wanaume wa Uingereza na wa Afrika Mashariki kwa kutumia muundi na mfupa wa kigasha. Inasikitisha kwamba kazi iliyoanzia Kampala haitajwi mara nyingi kama zile zilizoanzia Marekani, hata katika mahakama za nchi ambazo watu wake ndio waliopimwa.

Kwa upande wa lugha, la kuzingatia ni kitenzi. "Urefu wake ulikuwa sentimita 165" ni kauli ya mtu aliyesimama karibu na mwenye urefu huo. "Urefu unakadiriwa kuwa kati ya sentimita 161 na 169, kwa kanuni ya fulani" ni kauli ya mtu aliyepima mfupa. Katika ya pili kimilikishi "-ake" kimeachwa kwa makusudi: urefu unakadiriwa, lakini bado haujapata mwenyewe.

Kuhusu kabila hakuna haja ya maneno mengi. Mifupa haina kabila. Meno yenye madoa ya kahawia yaweza kudokeza kwamba mtu alikunywa utotoni maji yenye floridi nyingi, kama yale ya sehemu za Arusha na Meru, na dokezo hilo laweza kuwa na maana kubwa likionekana Katavi. Lakini madoa hayo hueleza maji aliyokunywa mtu. Hayaelezi lugha aliyoisema.

5.0 Fuvu la Mkwawa

Mfano mashuhuri kuliko yote wa Tanzania ulitangulia kuwapo kwa sayansi jinai nchini. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua Julai 1898 huko Mlambalasi, akikaribia kukamatwa na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. (Ibara hiyohiyo ilidai irejeshwe Kurani ya Khalifa Othman, ni nadra vitu viwili vilivyotengana kiasi hicho kukutana katika ibara moja.) Miezi sita ikapita, na miaka zaidi ya thelathini baada yake, fuvu lisipatikane.

Maneno ya mkataba yanafaa kuangaliwa kwa jicho la semantiki. "Fuvu la Sultani Mkwawa" ni kirai kinachochukulia kwamba fuvu hilo lipo na kwamba liko moja tu. Kwa hiyo mtafutaji hakupewa swali "je, fuvu hili ni la nani?" bali "fuvu la Mkwawa liko wapi?" Tofauti ni kubwa. La kwanza huanza na mfupa na kutafuta mtu. La pili huanza na mtu na kutafuta mfupa wa kumfaa.

Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati ya hayo 84 yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalitengwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Na kati ya hayo likachaguliwa lililokuwa na tundu la risasi. Mwaka 1954 lilikabidhiwa kwa Wahehe, akilipokea Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Tangu hapo limehifadhiwa Kalenga.

Kipimo kilichopendwa zama hizo kwa kazi ya namna hii ni fahirisi ya fuvu, yaani upana wa fuvu uliogawanywa kwa urefu wake na kuzidishwa kwa 100. Fuvu lenye upana wa sentimita 13.2 na urefu wa 18.6 lina fahirisi ya 71 hivi. Namba hiyo haina ajabu yoyote. Watu wengi mno Afrika Mashariki wanaikaribia. Kipimo cha aina hii chaweza kuliondoa fuvu lisilofanana. Hakiwezi kulitaja lililobaki. Tundu la risasi linaongeza uzito, lakini mafuvu yaliyopelekwa Ujerumani kutoka nchi iliyopigana vita ya Wahehe, vita ya Abushiri na Vita vya Maji Maji hayakuwa ya watu waliokufa vitandani. Kauli ambayo ushahidi wa mwaka 1953 uliiruhusu ni "fuvu hili halipingani na habari tunazojua kuhusu Mkwawa." Kauli iliyotamkwa ni "hili ni fuvu la Mkwawa." Kati ya kauli hizo mbili hapakuongezwa ushahidi, iliongezwa haja, haja ya watu kumzika mkubwa wao na haja ya serikali ya kikoloni kuonekana imetimiza ahadi.

Hakuna katika haya kinachopunguza heshima ya lililoko Kalenga. Ishara ya taifa haihitaji fahirisi. Lakini mwanafunzi wa sayansi jinai akifundishwa kwamba Mkwawa "alitambuliwa kwa mifupa", atakuwa amefundishwa neno lisilofaa. Fuvu liliainishwa, kisha likateuliwa.

6.0 Neno lililoandikwa juu ya mfupa

Miaka 70 baada ya Bremen, Berlin ilitoa mfano wa pili. Mangi Meli wa Moshi ya Kale alinyongwa na Wajerumani mwezi Machi 1900 pamoja na watu wengine kadhaa, na kwa vizazi vyote tangu hapo imesimuliwa Uchagani kwamba kichwa chake kilichukuliwa. Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia, uliopokea mwaka 2011 makusanyo ya mafuvu yaliyokuwa katika hospitali ya Charité, ulianza mwaka 2017 kuchunguza mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki. Ilionekana kwamba 904 yalitoka Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Mwezi Septemba 2023 ulitangaza kwamba mafuvu matatu yamelinganishwa kwa vinasaba na watu walio hai nchini Tanzania. Moja kwa ulingano kamili, na mawili kwa ulingano wa karibu sana.

Lile la kwanza lina mvuto wa pekee kwa mwanaisimu. Juu yake paliandikwa neno "Akida". Aliyeliandika labda alidhani ni jina. Kumbe ni cheo, neno la Kiarabu lililoingia katika Kiswahili cha utawala na ambalo Wajerumani walilitumia kwa maofisa wao wa Kiafrika. Hapa lilimdokeza mshauri wa ngazi ya juu wa Mangi Meli. Bila neno hilo wachunguzi wasingejua waende kwa ukoo gani kuomba mate ya kupima. Vinasaba vya mfupa, vikiwa peke yake, ni ufunguo usio na mlango. Lazima pawepo mtu hai wa kulinganishwa naye, na huyo hupatikana kwa masimulizi, kumbukumbu za ukoo, na, mara hii, kwa neno moja la Kiswahili lililoandikwa kwa wino wa mkusanyaji.

Hapa yafaa kulisifu neno "vinasaba" lenyewe. Limeundwa kutokana na "nasaba", na ndilo linalotumika katika sheria ya mwaka 2009 inayodhibiti teknolojia hiyo nchini Tanzania. Waliolibuni walipatia kuliko walivyokusudia. Jino au mfupa wa sikio la ndani, ambamo chembe hizo hudumu zaidi, mara nyingi hueleza nasaba kabla ya kumweleza mtu: ndugu wa baba mmoja hushirikiana alama za upande wa baba, na watoto wa mama mmoja alama za upande wa mama. Kumtoa mtu mmoja ndani ya nasaba yake kunahitaji habari nyingine, kama vile nani alikufa lini, wapi, na kwa namna gani. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe hakikuwa miongoni mwa vile vitatu.

Wala si Afrika peke yake inayojua umbali kati ya kauli na kauli. Mwaka 1985 mifupa iliyofukuliwa Brazil ilitangazwa na wataalamu wa nchi kadhaa kuwa ya Josef Mengele, daktari wa Auschwitz, "kwa kiwango kinachostahili cha uhakika wa kisayansi". Maneno hayo yalipimwa kama dawa. Uthibitisho wa vinasaba ulikuja mwaka 1992, na katika miaka saba ya katikati hakuna aliyelazimika kuyafuta.

7.0 Ngazi ya vitenzi

Kutokana na mifano hiyo yaweza kupendekezwa ngazi ya vitenzi kwa ripoti za Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003, zote za TUKI, zimewapa waandishi majina ya viungo. Kilichobaki ni kukubaliana juu ya vitenzi, na kazi hiyo haipatikani katika orodha ya nomino.

Chini kabisa pana "kukadiria", kwa umri na urefu. Juu yake pana "kuainisha": mfupa kuwekwa katika kundi, kwa mfano la watu wazima wa kiume. Kisha huja "kutopingana na": habari za mifupa na habari za mtu aliyepotea hazigombani. Halafu "kulingana na", pale ambapo alama za pekee, kama mfupa ulioungwa, kazi ya meno au vinasaba, zinakutana. Mwisho ndipo "kutambua", na hapo tu ndipo kiambishi a- kiruhusiwe kuingia:

(4) Mifupa hii inakadiriwa kuwa ya umri wa miaka 20 hadi 28.
(5) Mifupa hii haipingani na maelezo ya mtu aliyepotea.
(6) Mfupa wa muundi wa kushoto unalingana na jeraha lililoelezwa na familia.
(7) Mtu huyu ametambuliwa.

"Kutambua" linastahili nafasi hiyo ya juu kwa sababu katika matumizi ya kawaida ni tendo la mtu anayemfahamu mwingine. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, wachunguzi wa mahakama ya kimataifa walifukua karibu miili mia tano katika kaburi la pamoja la kanisa la Kibuye mwaka 1996. Miongoni mwao alikuwa Clea Koff, ambaye mama yake ni Mtanzania. Nguo zilifuliwa, zikaanikwa, na walionusurika wakaalikwa kuzitazama. Majina yaliyopatikana yalikuwa machache mno. Ukoo mzima ukiangamia, hakuna anayebaki wa kuijua nguo, wala wa kutoa damu. Kinyume cha hali hiyo kilionekana Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023: ndugu walikuwapo, vinasaba vyao vikachukuliwa, na mwezi Machi 2024 miili ya kwanza ilianza kukabidhiwa kwa familia.

Daraja lililo gumu kuliko yote kwa mwandishi wa Kiswahili ni la (5). Kukanusha mara mbili ("hatuwezi kusema kuwa si yeye") husikika masikioni mwa wengi kama kukubali kwa woga. Katika maongezi, anayesema hivyo kwa hakika anasema ndiye. Mtaalamu akilitamka mahakamani, karani akaliandika kwa ufupi, "si si yeye" hugeuka "ni yeye" kabla wino haujakauka. Ndiyo maana "haipingani" inafaa zaidi: kikanushi ni kimoja, na mtenda ni mifupa, si mtaalamu anayeonekana kusitasita. Na endapo familia ya Kapalamsenga itauliza nje ya mahakama, kama ilivyo haki yake, "basi ni yeye au siye?", ofisa anaweza kujibu bila kuwadanganya: mifupa haijamkataa mtoto wenu, na bado haijamtaja. Kama watazika au watasubiri jibu la maabara, huo ni uamuzi wao, na ripoti isiwaamulie kwa kiambishi.